Mwaka Kilwa Iliposogea Karibu

Wadogo zangu wa safu ya matanuri ya samaki, mmeniomba niandike ninachokumbuka kabla sijakisahau. Nilisoma hadi darasa la nne, ng'ambo, upande wa Kongo nilikozaliwa, kwa hiyo naandika Kiswahili kile tulichofundishwa, ingawa nimelala na kuamka katika Kibemba tangu nilipoolewa. Mambo ya nani alipata kichanja kizuri na nani aliuza kuliko nani sitayaandika. Mnayajua. Yale msiyoyajua, mwenzangu Mutale atawaambia hata msipomuuliza.

Siku yangu ya kwanza kazini sikugusa samaki. Mume wangu alikuwa mvuvi wa hapa Kashikishi. Alinivusha ziwa kwa mtumbwi wa injini, akanikabidhi kwa shangazi yake, Bana Mwape, ambaye wakati huo ndiye aliyekuwa mkuu wa safu. Bana Mwape maana yake ni mama yake Mwape. Mwape mwenyewe alikufa angali mdogo. Jina ndilo lililobaki kwa mama. Alikuwa mwanamke mwembamba, na kitambaa chake cha kichwani kilikuwa na matundu madogo ya cheche. Alinikalisha juu ya kigogo katikati ya matanuri.

"Leo hauko nafanya kazi," akaniambia kwa Kiswahili cha sokoni. "Leo uko naangalia moshi."

"Ndiyo, mama. Niangalie mpaka saa ngapi?"

"Mpaka ikuone."

"Moshi unione?"

"Ikikuona utalia. Njo utajua fasi haupaswe kusimama."

Nilihama mahali hadi mahali, nikalia mchana kutwa. Jioni nilikuwa nimejua kitu ambacho ninyi wengine bado hamjui: asubuhi upepo hutoka nchi kavu na kuusukuma moshi ziwani, lakini jua likishapanda ziwa hulipiza, na moshi wote hurudi kwenye nyumba zilizo nyuma ya safu. Nyumba ya kwanza kupokea ilikuwa ya Bana Mwape. Mlango wake ulitazama matanuri. Nyuma ya matanuri kulikuwa na maji, na mbali majini kulikuwa na kisiwa cha Kilwa, lakini kutoka mlango ule hakikuonekana kamwe. Alinionyesha kwa kidole ukuta wa moshi, akasema, "Pale nyuma kuko Kilwa." Nikaamini, kama mtu anavyoamini mambo ya kanisani.

Kazi alinifundisha kwa mkono. Kumpasua pale, yule samaki wetu mpana wa ziwani, kwa mgongoni, si tumboni, ili alale kama kitabu kilichofunguliwa. Moto mkali kwanza, mfupi, ngozi ishike; kisha kuni nusu mbichi, moto ulale, moshi ufanye kazi yake taratibu chini ya gunia lililoloweshwa. Samaki aliyeiva humtazami kwa macho. Unambisha kwa kucha karibu na kichwa na kusikiliza. Akijibu kama ubao, mtoe. Akijibu kama mkate, mwache. Kuwashia moto kwa mifuko ya plastiki alikukataa. Alisema samaki hubeba harufu hiyo mpaka Lubumbashi na kututaja majina.

Chombo chake kilikuwa kimoja tu: chuma kilichonyooshwa kutoka springi ya gari, cha kuchokolea makaa. Alikipata kwa mkuu aliyemtangulia. Ncha yake ilikuwa imelika ikawa kama kidole.

Sasa niandike desturi ya moto, kwa sababu bila hiyo hamtaelewa kilichotokea baadaye. Tanuri la kwanza katika safu ni mama. Makaa yake hayazimwi. Hata katika miezi ile serikali inapofunga uvuvi, makaa yalilala chini ya majivu, na kila mwanamke alikuwa na zamu ya kuyapa kijiti. (Katika miezi hiyo samaki pia walipita kidogo kwenye matanuri. Samaki hawasomi matangazo.) Moto wa mama hauhamishwi. Ukitaka kujenga safu mahali pengine, unangoja. Anapokufa mtu wa safu, matanuri yote yanazimwa, wanawake wanaketi chini, hakuna anayegusa udongo isipokuwa wachimba kaburi, na tunazungumza kwa sauti ya chini. Akishazikwa, mkuu wa safu anawasha moto mpya kwa mkono wake mwenyewe. Hapo tu, kabla hajawasha, anaweza kuchagua mahali. Tangu nilipokuja, safu ilikuwa bado haijafiwa hata mara moja.

Nilipokuja, Bana Mwape alikuwa tayari na kikohozi. Tulikiita kikohozi cha tanuri, nacho kilikuwa cha kawaida kama makovu mikononi. Nyumba yangu ilipakana na yake, na mume wangu alipochukuliwa na ziwa nilibaki pale pale. Kila asubuhi niliamshwa na kikohozi chake. Kilianza chini, kikapanda, kikakwama, kikashuka. Nilipika uji kwa kipimo cha kikohozi hicho. Miaka ilivyokwenda alianza kulala ameketi, mgongo ukutani. Kwenye kituo cha afya walimwambia aache moshi. Akarudi akatueleza, na tukacheka wote, yeye akacheka zaidi mpaka akashindwa kupumua.

Kisha ukaja ule mwaka wa korona.

Kwetu hawakutufungia ndani kama tulivyosikia kwa wengine. Lakini mpaka ulifungwa, mabasi yakapungua, na watu wa afya walipita na kipaza sauti wakisema tusisongamane kwenye matanuri. Uvuvi ulikuwa umefunguliwa majuzi tu. Wafanyabiashara wa Kongo ndio waliokuwa wakinunua samaki wetu wa moshi, na hakuna hata mmoja aliyevuka. Mitumbwi ikaleta samaki wa kula nyumbani tu. Kila mwanamke alikaa kwake, kila mmoja akidhani mwenzake amepeleka kijiti kwenye tanuri mama. Siku moja nilipitisha kiganja juu ya majivu, nikapata baridi. Nikaingiza kidole. Nikaingiza mkono mpaka kwenye kifundo. Ilikuwa baridi kama udongo wa chini. Hakuna aliyeuzima moto ule. Ulikufa wenyewe.

Mnajua safu inavyopiga kelele: kuni zinalia, mafuta yanadondoka, mabati yanagonga, wanawake wanatukanana kwa upendo. Sasa ulisikia maji. Ulisikia mtu akifagia nyumba ya tano. Kunguru waliokuwa wakingoja matumbo ya samaki walikaa kwenye vichanja vitupu wakitutazama, halafu siku moja hawakuwepo tena.

Asubuhi moja, katika mwezi wa nne, niliamka nikiwa nimechelewa. Jua lilikuwa limeingia ndani. Nilikaa kitandani nikijiuliza nimekosa nini. Sikuwa nimesikia kikohozi. Nilitoka bila viatu.

Bana Mwape alikuwa ameketi mlangoni pake, mikono magotini, hakugeuka.

"Mama," nikamwita. "Umelalaje?"

"Nililala chini," akasema. "Kama mutoto. Mgongo chini." Kisha akainua kidevu. "Angalia. Kilwa imesogea."

Nikatazama. Kisiwa kilikuwa mbele yetu, juu ya matanuri yaliyokufa, karibu kiasi kwamba nilirudi hatua. Niliona miti yake mmoja mmoja. Niliona kitu kinang'aa, bati la nyumba ya mtu, na moshi mwembamba wa mtu anayepika uji. Nyuma yake kulikuwa na milima ya Kongo, ya buluu, ambako nilizaliwa. Sikuwa nimeiona tangu nilipoolewa. Mvua ilikuwa imesafisha anga pia, sitawadanganya, lakini mvua hunyesha kila mwaka na mlango ule haukuwahi kuonyesha kitu.

Watoto hawakupenda. Mmoja alimwuliza mama yake kama kisiwa kitafika kwetu.

Bana Mwape alikuwa na redio ya betri. Ilisema kwamba katika miji mikubwa ya dunia viwanda vimesimama, magari yamelala, ndege haziruki, na anga limesafika, hata watu wanaona milima waliyokuwa wakiisikia tu kwa babu zao. Mtangazaji alisoma kwa furaha. Bana Mwape alisikiliza mpaka mwisho.

"Ile milima ilikuwaka wapi?" akaniuliza.

"Pale pale, mama. Ni moshi ulioificha."

"Na batu ya kule, sasa njo bako wapi?"

"Wako ndani. Wengine wako hospitali."

Akazima redio. "Basi ni kama huku," akasema. "Moto inazimwa kwanza, mutu anatafutwa nyuma."

Sisi hatuna viwanda. Kiwanda chetu kilikuwa sisi. Lakini alichosema kilinishika, kwa sababu safu nzima ilikuwa inawaza hivyo hivyo kimya kimya. Matanuri yote yamezimika, na kwetu hilo lina maana moja: mtu wa safu amekufa. Wanawake walianza kushusha sauti bila kuambiwa. Wengine walifunga vitenge kiunoni kama msibani. Mutale, ambaye hamjawahi kumsikia akinong'ona, alikuja kuomba chumvi akinong'ona.

Bana Mwape peke yake ndiye aliyekuwa akinenepa. Alitembea mpaka kwenye maji na kurudi bila kupumzika. Alipanda mpaka soko la Nchelenge akarudi na mboga kichwani. Alicheka mpaka mwisho wa kicheko. Na akaona kitu ambacho sisi hatukukiona. Moto ulikuwa umekufa bila mtu kufa. Basi kwa mara ya kwanza safu ingeweza kuhamishwa bila kuzika yeyote. Kule kwenye ncha ya mchanga, kupita matete, upepo huchukua moshi na kuupeleka ziwani asubuhi na mchana pia, na hakuna nyumba nyuma yake. Tukijenga matanuri mapya kule kabla mpaka haujafunguliwa, angebaki na pumzi aliyoipata. Mpaka ukifunguliwa mapema, moto utarudi mahali pake pa zamani, mbele ya mlango wake. Alijua hivyo, nami nilijua.

Alituita tukae mbalimbali kama tulivyoagizwa, akatueleza hayo. Wanawake walitazama chini.

"Mama," Mutale akasema, "ni udongo, ile kazi. Hatugusake udongo mu kilio."

"Kilio ya nani?"

Mutale alisugua mguu mmoja kwa mwingine.

"Hatuyajua bado, mama," akasema.

Sijasahau jibu hilo. Lilikuwa la heshima, na lilikuwa la ukweli, na liliingia kifuani mwangu kama maji ya baridi ya mwezi wa saba.

Kwa hiyo tulianza wawili, yeye na mimi. Tulichimba udongo wa kichuguu, tukaukanyaga pamoja na nyasi zilizokatwa, tukajenga ukuta kiganja kwa kiganja. Tanuri halijengwi kwa haraka. Ukipandisha ukuta kabla wa chini haujakauka, unakaa chini wote, nawe unakaa nao. Na tanuri lisilokauka likitiwa moto hupasuka. Wanawake walitutazama kutoka mbali, kama mnavyowatazama wachimba kaburi. Ukivuta hewa kule kwenye ncha ulikuwa unaonja maji na matete, na Kilwa ilikuwa upande wa kushoto, karibu, haitikisiki. Nilifanya kazi nikiipa mgongo.

Baada ya muda Mutale alikuja, mtoto mgongoni, akaanza kukanyaga udongo bila kusema neno. Wawili wengine wakamfuata. Nikaanza kutumaini.

Halafu mpaka ukalegea, na asubuhi moja ukaja mtumbwi wa Papa Ilunga. Alikuwa mfanyabiashara wetu wa tangu zamani, mtu wa ng'ambo, mnene wa sauti. Aliruka majini kabla mtumbwi haujagusa mchanga, akasimama akitutazama mmoja mmoja.

"Eh! Bamama! Muko wazima?"

"Weye njo ulikonda kama kambale ya kiangazi," Mutale akamjibu. "Tuko wazima juu ya nini tusikuwe?"

"Kule kwetu tunaangaliaka moshi yenu kila siku. Moshi ikaisha. Tukasema, bon, ile magonjwa imemaliza bamama ya Kashikishi. Tukabalilia. Vraiment, kweli kabisa! Tulifanya na matanga."

"Mulikula nini ku matanga yetu?"

"Kuku."

"Basi uturudishie kuku yetu, papa."

Wote wakacheka, sauti kamili, kwa mara ya kwanza tangu mwezi wa nne. Bana Mwape alicheka pia. Lakini nilimwona akimtazama Papa Ilunga kwa makini, kama mtu aliyeletewa jibu la swali alilolitoa.

Papa Ilunga hakuja peke yake. Nyuma yake kulikuwa na mitumbwi mingine ya wanunuzi, na wavuvi wetu, waliosikia tangu jana yake, walikuwa wameshapandisha samaki ufukweni. Mapale walilala mchangani kwa mafungu, macho bado mazima. Jua lilikuwa linapanda. Nzi walikuwa wameshafika. Wao hawakuwa na mpaka.

Tukaenda kwenye ncha, safu yote. Bana Mwape alibisha tanuri jipya kwa kifundo cha kidole na kutega sikio, kama anavyombisha samaki. Lilijibu kizito. Akabisha la pili.

"Bado," akasema.

Tukarudi kwenye samaki. Hakuna aliyesema tuwashe matanuri ya zamani. Mtoto wa Mutale alikuwa analia, na Mutale hakumbembeleza, alitazama tu mafungu yale. Watoto wa safu walikuwa wamekula majani ya muhogo matupu kwa muda mrefu.

"Mama, tuwaanike," nikasema. "Tuwapake chumvi tuwaanike kwa jua. Matanuri yakauke kwanza."

"Chumvi iko wapi? Na pale ya ukubwa hii haikaukake kwa jua. Itaoza."

"Basi ioze."

Nilisema kwa sauti, wote wakasikia. Sijuti. Bana Mwape alinitazama, si kwa hasira.

"Unasema vile juu weye ulikunywa uji asubuhi," akasema.

Ilikuwa kweli. Nilikuwa nimekunywa.

Akaingia nyumbani kwake. Alipotoka alikuwa amefunga kitenge cheusi cha msiba kiunoni, na mkononi alishika sahani ya bati yenye makaa kutoka mbaula yake ya kupikia.

"Matanga yangu ilisha kuliwa ng'ambo, na kuku," akasema. "Nanyi muliniweka mu kilio tangu mwezi wa nne. Nimelala mu kaburi yenu ile. Hewa yake ilikuwa muzuri. Nashukuru."

Akapiga magoti mbele ya tanuri mama, pale pale pa zamani, akamimina makaa, akapuliza. Alipuliza kwa pumzi ndefu, safi, ambayo sijawahi kumsikia nayo tangu nimjue. Moto ulishika mara moja. Jioni ile watoto walikula samaki, na Kilwa haikuwepo.

Matanuri mapya yalikauka. Nilikwenda kuyabisha kila siku mpaka yakajibu kama ubao. Nikamwendea, nikamwambia, "Wewe ndiye mwenye mkono. Sema tu. Tutazima hapa, tutawasha kule."

"Bila mufu?"

"Bila mfu."

Akatikisa kichwa. "Ilizimika mara moja bila mufu, na mufu alitafutwa mpaka akapatikana. Ukizima mara ya pili, jina itatokea mu nyumba gani? Kwa Mutale?" Kikohozi kilimkatiza. Kilikuwa kimerudi, na hakikuanza chini tena.

Toka hapo alilala ameketi. Kila asubuhi niliingia na uji, naye aliniuliza jambo lile lile bila kufumbua macho.

"Kilwa iko?"

Ningeweza kusema iko. Wengine waliniambia niseme, hakuna anayeumia. Sikuweza. "Haionekani, mama."

"Iko," alikuwa akisema yeye. "Ni moshi tu."

Alikufa mvua za kwanza zilipokaribia, ameketi, uso ukielekea mlangoni. Tulizima matanuri yote. Tuliketi kwenye mikeka mbele ya nyumba yake, safu nzima, na tulipokuwa tumeketi pale hewa ilianza kusafika kutoka juu kwenda chini. Kwanza tuliona vilele vya milima. Halafu miti. Halafu lile bati likang'aa. Hakuna aliyeonyesha kwa kidole. Mutale alianza kulia kwa sauti, na kile kisiwa kilikaa mbele yetu mpaka tulipomzika, kama mtu wa ukoo aliyefika mapema msibani na hataki kula.

Baada ya kaburi walinipa mimi kile chuma cha springi. Nilibeba makaa ya mbaula yangu kupita matete mpaka kwenye ncha ya mchanga, nikawasha katika matanuri yale tuliyoanza kuyajenga yeye na mimi. Ndiyo hayo mnayofanyia kazi sasa. Mlikuwa mkiniuliza kwa nini tanuri mama lina alama za vidole vya watu wawili ukutani, vyembamba na vinene. Ndiyo hiyo sababu.

Nimefanya kazi pale mpaka macho yalipokataa moshi. Chuma anacho Mutale. Msimchukie anapowakalisha juu ya kigogo. Na mjenge tanuri moja la akiba kila mwaka, likauke bila kutiwa moto, likae tayari. Msingoje mfu wa kulifungua.

Mimi nimehamia nyumba ya Bana Mwape. Yangu ilianguka upande mmoja. Mlango ule ule. Mbele yake sasa hakuna moto, majivu ya zamani yameota majani, na siku nyingi Kilwa iko pale asubuhi, na miti yake na bati lake. Wageni wanaopita husema mama, umepata mahali pazuri, hewa nzuri. Nawajibu ndiyo. Huniuliza kwa nini nanong'ona.